Maoni: Mtoto aliyeanza na ndege isiyo na moteri asichekwe

Picha inaingia kwenye WhatsApp ya familia. Kijana wa miaka 15, aliyezaliwa Bukavu na kukulia Ubelgiji, amesimama kando ya ndege nyeupe, nyembamba, yenye mabawa marefu kupita kiasi na gurudumu moja tu chini ya tumbo. Mbele hakuna propela. Baba mdogo aliye Goma anauliza: «Na moteri iko wapi?» Shangazi anatuma vicheko vitano. Mwingine anaandika kwamba huo ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi, na kwamba mtoto alisema anataka kuwa rubani, hakusema anataka kuelea hewani kama karatasi.

Familia nyingi za Kongo zilizo na watoto huko Bruxelles au Liège zinaweza kujitambua katika mazungumzo hayo. Na kicheko hicho kinakosea. Ndege ile inaitwa planeri, na anayefika kwenye ndege ya moteri kwa kupitia planeri anafika na kitu ambacho shule nyingi zinashindwa kukifundisha kwa haraka. Ni kweli pia kwamba anafika na mazoea mengine yanayoweza kumponza, na wanaoisifu planeri hawapendi sana kulitaja jambo hilo. Yote mawili yanafaa kusemwa wazi, kwa sababu Kongo ni nchi inayopanda ndege kwa lazima.

Kwa miaka mingi aliyetoka Goma kwenda Kisangani au Kindu na mzigo wake hakuwa na la kuchagua kati ya barabara na ndege. Huko Walikale, kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara, pale Kilambo, zikabeba kasiterite. Na wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa ajali ya ndege ni nini. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ilipita mwisho wa njia ya kurukia, njia ambayo volkano ya 2002 ilikuwa imeifupisha, ikaingia katika mtaa wa Birere kati ya watu na biashara zao. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 iliyokuwa inaelekea Beni iliangukia nyumba muda mfupi baada ya kuruka. Kinshasa nao wanaikumbuka tarehe 8 Januari 1996, siku Antonov ilipotoka uwanja wa Ndolo na kuingia soko la Simbazikita, watu zaidi ya 200 wakafa. Tangu 2006 Kongo iko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi ambazo mashirika yake hayaruhusiwi kuruka katika anga ya Ulaya.

Si haki kumtwika rubani mizigo yote hiyo. Kuna ndege iliyochoka, kuna mzigo uliozidi, kuna mtu aliyetia saini karatasi bila kuangalia. Lakini yote hayo yakishapita, anayebaki na usukani mkononi ni mtu mmoja au wawili, na hapo ndipo inapoonekana walifundishwa nini mwanzoni kabisa.

Planeri inafundisha nini? Aliyewahi kukaa kando ya Ziwa Kivu kuelekea saa sita mchana amemwona mwewe akizunguka bila kupiga bawa, na kila mzunguko anazidi kuwa juu. Mwewe huyo amepata hewa yenye joto inayopanda. Planeri inafanya hivyo hivyo. Inavutwa na ndege ya moteri mpaka mita kama 600 na kuachiliwa, au inavutwa kutoka chini kwa kamba ndefu inayozungushwa na mashine. Kuanzia hapo inashuka tu, kila sekunde. Ikionekana inapanda, ni kwa sababu iko ndani ya hewa inayopanda haraka kuliko yenyewe inavyoshuka. Rubani hana cha kukanyaga ili kuongeza nguvu. Ana urefu alio nao juu ya ardhi, na urefu huo ndio esansi yake.

Watu wa Goma wanaweza kulielewa jambo hili kupitia chukudu. Kijana anayeteremka kutoka Kibumba na makala, viazi na shu juu ya chukudu hana moteri. Anausoma mteremko kabla ya kuufikia. Anafunga freni mapema, anajua kona gani haikubali mwendo, na anajua kwamba akikosea katikati hawezi kurudi juu kuanza upya. Siku atakayonunua moto, mikono yake itakuwa inajua kitu ambacho aliyeanza na moto hakijui. Itabidi pia ajifunze mengi mapya, na kama ni mwenye kiburi, moto itamfundisha kwa kumwangusha.

Na kama mtu anadhani planeri ni mchezo uliokuja baadaye, baada ya ndege za kweli, historia inasema kinyume. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka na mabawa yake mara zaidi ya 2000 kabla ya kuanguka na kufa mwaka 1896. Ndugu wawili Wright wa Marekani walitengeneza planeri mwaka 1900, nyingine 1901, nyingine 1902, na kwa ile ya tatu waliruka mara mamia kwa mamia juu ya mchanga wa Kitty Hawk. Moteri waliifunga baadaye. Tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao ya moteri iliporuka kwa sekunde 12, walikuwa tayari wanajua kuiongoza. Wengine wa wakati wao walikuwa na moteri zenye nguvu zaidi, ila hawakujua la kufanya wakishakuwa hewani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipobanwa na mkataba wa Versailles kuhusu ndege za moteri, vijana wao walipanda mlima Wasserkuppe na planeri kuanzia 1920. Majeshi ya anga ya nchi mbalimbali yamelielewa somo hilo: chuo cha jeshi la anga la Marekani kinarusha wanafunzi wake kwa planeri, na Ubelgiji ina vijana wake, Cadets de l'Air, wanaoanza hivyo hivyo. Kituo cha Saint-Hubert, huko Ardennes, kinajulikana kwa kazi hiyo.

Lakini kisa kinachofaa kusimuliwa kwenye meza ya familia ni kile cha Kanada, tarehe 23 Julai 1983.

Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inatoka Montreal, ikapita Ottawa, kuelekea Edmonton. Ilikuwa na watu 69. Kanada ilikuwa katika mabadiliko, kutoka vipimo vya zamani vya Kiingereza kwenda kilo na lita, na ndege hiyo mpya ilikuwa ya kwanza kupimwa kwa kilo katika shirika hilo. Vipimo vya mafuta ndani ya chumba cha marubani vilikuwa havifanyi kazi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti, kisha lita zikageuzwa kuwa uzito kwa hesabu ya mkono. Hesabu ikatumia namba ya ratili mahali pa namba ya kilo. Safari ilihitaji kilo 22 300. Ndege iliruka ikiwa na chini ya nusu ya hizo, na karatasi zote zilionyesha kwamba mambo yako sawa.

Katikati ya safari, moteri ya kushoto ilizima, kisha ya kulia. Skrini nyingi zikawa giza. Kapiteni Bob Pearson alikuwa, siku zake za mapumziko, mrusha planeri. Alitafuta mwendo ambao ungeipeleka ndege mbali zaidi kwa kila mita inayopotea, jambo ambalo kitabu cha ndege hiyo hakikumweleza kwa hali ya moteri zote mbili kuzima. Msaidizi wake, Maurice Quintal, alipiga hesabu na kuona Winnipeg haifikiki. Akakumbuka uwanja wa zamani wa jeshi alikowahi kutumikia, Gimli. Hakujua kwamba sehemu ya uwanja huo ilikuwa imegeuzwa kuwa mahali pa mbio za magari, na siku hiyo watu walikuwa wamekuja na watoto wao.

Walifika Gimli wakiwa juu mno na kwa mwendo mkubwa mno. Ndege ya abiria isiyo na moteri haiwezi kuzunguka na kujaribu tena. Pearson akafanya kile ambacho warusha planeri wanakijua vizuri: aliinamisha bawa upande mmoja na kukanyaga pedali ya upande wa pili, ndege ikawa inakwenda kiubavu, ikipoteza urefu bila kuongeza mwendo. Abiria wa upande mmoja waliona anga, wa upande mwingine waliona majani. Mwishoni akainyoosha, magurudumu yakagusa chini, gurudumu la mbele halikuwa limefungwa sawasawa likakunjika, pua ikasugua lami, ndege ikasimama. Hakuna aliyekufa. Walioumia waliumia kidogo, wakati wa kushuka. Ndege yenyewe ilitengenezwa ikaendelea kuruka mpaka 2008.

Kisa hiki kina nusu mbili, na watu wanapenda kusimulia ya pili tu. Nusu ya kwanza ni kilo na lita. Kama hesabu ingefanywa vizuri pale chini, Pearson angefika Edmonton na kwenda kulala, na hakuna ambaye angejua jina lake. Ufundi wa planeri uliokoa watu 69 kutokana na kosa lililofanywa kwa kalamu. Nchi ambayo magunia yanaongezwa wakati mlango unafungwa ingefanya vizuri kuisikia hiyo nusu ya kwanza mara mbili.

Na hapo ndipo inapoingia hatari ya kijana aliyetoka planeri kwenda moteri. Planeri ni rahisi kuihesabu: hakuna matenki, hakuna mafuta ya injini, hakuna chochote cha kuganda ndani ya kabureta. Ndege ya moteri, hata ile ndogo ya wanafunzi kama Cessna 172, ni nyumba yenye vyumba vingi. Kuna tenki la kushoto na la kulia. Kuna maji yanayoweza kuingia katika esansi, ndiyo sababu kila asubuhi mwanafunzi anachota kidogo chini ya bawa na kukitazama kwenye mwanga. Kuna mchanganyiko wa esansi na hewa wa kurekebisha, kuna magneto mbili za kujaribu kabla ya kuruka, kuna orodha ndefu ya kusoma kwa sauti. Wakufunzi wengi wanajua tabia ya anayetoka planeri: anaruka vizuri kuliko wenzake kuanzia siku ya kwanza, na anasoma orodha vibaya kuliko wenzake. Anaona orodha kama kelele. Huyo ndiye wa kushikwa sikio.

Kisha kuna macho. Planeri ya mafunzo kama ASK 21, katika hewa tulivu, inaweza kwenda karibu mita 34 mbele kwa kila mita inayoshuka. Cessna iliyozima moteri inakwenda kama mita 9 tu. Aliyezoea ya kwanza akiona shamba zuri umbali wa kilomita 15 anasema «lile nalifikia». Kwa Cessna iliyo mita 1000 juu, halifikii, anaanguka njiani. Kujiamini kwake ndiko kunakomdanganya. Mkufunzi mzuri atampunguzia moteri mapema, katika masomo ya kwanza kabisa, ili aone kwa macho yake jinsi ardhi inavyokuja haraka.

Mikono nayo inabadilishana kazi. Katika planeri, mkono wa kulia unashika usukani, wa kushoto unashika mkono wa freni za mabawa. Katika ndege nyingi za mafunzo zenye viti viwili sambamba, mwanafunzi anakaa kushoto, usukani uko katika mkono wa kushoto, na wa kulia unashika mkono wa moteri. Kwa bahati njema maana ya kuvuta haibadiliki sana: ukivuta freni unashuka, ukivuta mkono wa moteri unashuka pia. Ila kuna jambo ambalo planeri haikumpa kamwe, nalo ni ruhusa ya kusema hapana. Akiona anakuja vibaya, asukume moteri mpaka mwisho, apande, azunguke, arudi. Wengi wanaotoka planeri wanachelewa kufanya hivyo. Kwao kutua ni mara moja, kwa hiyo wanalazimisha. Mwanafunzi wa namna hiyo anapaswa kurudia zoezi la kukataa kutua mpaka alichoke.

Miguu, hapo anashinda. Mabawa marefu ya planeri yanaivuta pua upande usiotakiwa kila anapopinda, na mbele ya macho yake kuna kipande cha uzi kilichobandikwa kwenye kioo. Uzi ukilala kando, miguu imelala. Vijana walioanza na moteri mara nyingi wanasahau kwamba wana miguu. Lakini hata yeye anakutana na kitu kipya: propela. Katika ndege nyingi za mafunzo, ukisukuma nguvu zote wakati wa kuruka, pua inakwenda kushoto, na ni mguu wa kulia unaoirudisha. Hakuna uzi uliomfundisha hilo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni hadithi za zamani, kwamba ndege za leo zinajiongoza. Watataja pia Chesley Sullenberger, aliyetua mtoni Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009 akiwa na watu 155 baada ya ndege wa porini kuharibu moteri zote mbili. Alikuwa mkufunzi wa planeri alipokuwa chuo cha jeshi la anga, na wapenzi wa planeri wanamtaja kila mara kama ushahidi wao. Yeye mwenyewe, alipoulizwa, hakulipa jambo hilo uzito mkubwa: planeri na Airbus ni vitu vilivyo mbali, na mambo mengine ya kazi yake ndiyo yaliyomsaidia zaidi. Ni vizuri kumsikiliza. Planeri si dawa wala hirizi. Inachotoa ni mazoea ya kujiuliza muda wote «nikikosa nguvu sasa hivi, nitatua wapi?» na mazoea hayo yanadumu kwa mtu anayeyatunza tu.

Kuhusu makuta, ambayo ndiyo hasa yanayoichoma familia: kuanza na planeri hakuipotezi fedha kama baba mdogo anavyoogopa. Huko Ulaya kijana anaweza kuruka planeri peke yake akiwa na miaka 14 na kupata leseni yake akiwa na 16. Leseni ya mtu binafsi ya ndege ya moteri haipatikani kabla ya miaka 17. Kwa maneno mengine, miaka ambayo angeisubiri akitazama video kwenye simu anaitumia hewani. Tena klabu nyingi za planeri zinaendeshwa na wanachama wenyewe, mkufunzi hajapangiwa mshahara, na kijana analipa sehemu ya deni lake kwa kusukuma ndege, kushika bawa na kukunja kamba mpaka jioni. Leseni ya moteri inataka angalau saa 45 za mafunzo, na sheria za Ulaya zinamhesabia aliye na leseni ya planeri sehemu ya kumi ya saa alizoongoza mwenyewe, zisizidi 10. Si nyingi. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza maneno. Faida kubwa iko pengine: atazitumia saa zilizobaki kujifunza moteri, redio na ramani, badala ya kujifunza jinsi ya kushika usukani. Na kama anaogopa kuvuka kwa hatua moja, kuna ndege za katikati, planeri zenye moteri ndogo kama Scheibe Falke, anazoweza kuzizima hewani na kuziwasha tena.

Je, Kongo nayo ianzishe planeri? Jambo hilo lisisemwe kwa pupa. Hewa inayopanda iko tele, mwewe ni mashahidi. Lakini mawingu ya mvua ya huku Kivu yanapanda haraka na kwa ukali, viwanja vyenye nafasi tulivu ni vichache, na vita vimezifunga njia nyingi. Shule za marubani zilizopo zina kazi iliyo mbele ya hiyo: simuleta inayofanya kazi, wakufunzi wanaolipwa, esansi isiyokatika. Kinachowezekana leo ni kidogo zaidi. Shule yoyote inayopokea kijana wa Kikongo aliyetoka planeri Ulaya isimwanzishe sifuri kana kwamba hajui lolote, wala isimruhusu kuruka sura ya kwanza ya kitabu cha moteri kana kwamba anajua yote. Na wanafunzi walioanza na moteri moja kwa moja wapelekwe angalau mara chache kufanya zoezi la kutua bila nguvu, kweli kweli, juu ya uwanja, wala si kwa kueleza ubaoni.

Kwa familia kwenye WhatsApp, kuna maswali mazuri kuliko lile la moteri. Shangazi aulize ametua mara ngapi mwezi huu, na ni mkufunzi gani aliyetia saini kitabu chake. Baba mdogo, aliyesukuma chukudu miaka saba kabla ya kununua moto, aulize siku ile hewa ilipokosekana mbali na uwanja alichagua shamba gani, na kwa nini alilikataa lile la kwanza.